Mwenye Ngazi ya Nyani

4 Aprili, Mafiga

Leo asubuhi nimepata ujumbe kutoka Dar ambao ungenifurahisha kama ungeishia katikati. Aliyeuandika ni dada mmoja anaitwa Eva. Ana ukurasa wake mtandaoni. Yeye na mpiga picha wake Victor kazi yao ni kwenda sehemu za hatari, kuning'inia kwenye majabali, kupita kwenye mapango, na watu laki kadhaa wanakaa kwenye makochi yao kuwatazama. Sasa wanataka kuja kwetu Uluguru kupanda Ngazi ya Nyani, tena masika haya haya, maji yakiwa mengi, ili watazamaji wakae roho mkononi. Nikasoma huku nacheka peke yangu jikoni. Miaka tisa natembeza wageni milimani na mtu kama huyu ndiye niliyekuwa namsubiri. Kisha mstari wa mwisho: naombwa niwaunganishe na yule kijana Mikidadi, wameona video yake.

Video yenyewe niliipiga mimi. Mwaka jana mwezi wa saba nilimfuata Mikidadi mpaka juu, nikakaa kwenye jiwe lenye utelezi, makalio yamelowa, nimeishika simu kwa mikono miwili, ili yeye aonekane amesimama nyuma ya maporomoko kama mfalme. Kiingereza anachoongea humo nilimfundisha mimi. Jina langu halipo hata mahali pamoja. Roho imeniuma mpaka nimeunguza maharage.

6 Aprili

Nimepanda bodaboda hadi kijijini, juu ya Matombo, kumwona Baba. Barabara imeharibika, kuanzia Mkuyuni tumesukuma pikipiki mara mbili. Baba amekonda, goti la kulia limevimba, lakini macho ni yale yale. Nikamwamkia, nikampa sukari na mkate, nikasubiri amalize chai ndipo niseme.

Nikamwambia wageni wanakuja tarehe ishirini na tano, wageni wakubwa, na naomba niwapeleke mimi. Ngazi ya Nyani ni njia ya ukoo wa kina Baba. Unafuata korongo, unavuka mto mara mbili, halafu unapanda jabali kwa kushika mizizi hadi ukingo mwembamba unaopita nyuma ya maporomoko. Ukiteleza, chini ni mawe matupu. Tangu zamani mwenye njia ni mmoja tu, naye ndiye anayeamua nani apite na lini. Sasa ni Baba.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nilichokijua. Kwetu Waluguru mtoto ni wa mamaye. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu, na vitu vya Baba vinakwenda kwa mtoto wa dada yake. Mtoto wa dada yake ni Mikidadi, wa shangazi Maimuna. Masika yakiisha wazee watakaa na atakabidhiwa njia mbele yao.

"Wewe una mjomba wako," akasema. "Nenda kwa Stambuli. Ana shamba la mdalasini linakusubiri."

Mdalasini! Nimemwomba mlima, ananielekeza kwenye viungo vya pilau. Wakati natoka nikamsikia anamwita Mikidadi amsaidie kusimama. Alimwita "mwanangu."

9 Aprili

Mvua tangu alfajiri.

10 Aprili

Mvua. Mjomba Stambuli kapiga simu mara mbili, sikupokea. Najua ni shamba.

12 Aprili

Nimelala kijijini usiku wa jana kwa sababu bodaboda zilikataa kushuka. Saa moja asubuhi nikawaona Baba na Mikidadi wanakwenda mtoni, kwenye kivuko cha kwanza, kufanya lile jambo lao wanaloliita kupiga hodi. Nimeliona tangu utotoni. Mtu wa ukoo hawezi kuingia korongoni kabla hajakaa pale kwenye jiwe, ndizi moja ya kuchoma mkononi, anakula taratibu huku anayatazama maji, hasemi na mtu. Ndizi ikiisha anasimama, ama anapita ama anageuka nyumbani. Wanaomba ruhusa kwa wakubwa wao waliotangulia. Nilipokuwa na miaka minane nilikwenda nikakaa pembeni ya Baba na ndizi yangu, akanibeba akanirudisha kwa mama. Akaniambia hilo si langu.

Leo amemshika Mikidadi bega, anamwonyesha maji kwa kidole. Mtu wa miaka ishirini na sita anaonyeshwa maji, kama hajawahi kuyaona. Nimesimama nyuma ya migomba, baridi imenishika, nikamwonea wivu hadi ile ndizi yake.

15 Aprili

Nimefua suruali za kupandia. Hazikauki.

17 Aprili

Mikidadi amekuja hapa Mafiga, kalowa chepechepe, kaniletea mkungu wa ndizi na mafenesi mawili. Ameniamkia kwa adabu zake zote, dada Shadya hivi, dada Shadya vile. Anataka nimpitishe kwenye maneno ya kuwaeleza wageni, maana Eva atamhoji mbele ya kamera na anaogopa. Anaogopa kamera, lakini lile jabali analipanda anapiga mluzi. Ningekuwa na roho nzuri ningecheka naye.

Tukafanya mazoezi saa nzima. Kila akikosea anacheka mwenyewe, na kicheko chake ni kile kile cha Baba, kinaanzia puani. Mimi nimechukua pua ya mama. Basi hata hilo.

Alipokuwa anavaa viatu akaniuliza wageni wanafika lini. Nikamwambia tarehe ishirini na sita.

Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza. Nilimtazama usoni nikamwambia ishirini na sita, na Baba nilikwisha kumwambia ishirini na tano, lakini Baba siku hizi hashiki tarehe, Mikidadi ndiye kalenda yake. Akashukuru, akaondoka.

18 Aprili

Nimekula fenesi la Mikidadi. Tamu sana, na limenikera.

20 Aprili

Nimezungumza na Eva kwa simu. Nimemwambia Mikidadi ana dharura ya kifamilia na mimi ndiye nitakayewaongoza, mimi binti wa mwenye njia. Akasema vizuri zaidi, mwanamke kuongoza sehemu ya hatari namna ile watazamaji watapenda. Nilipokata simu nimeruka jikoni kama mtoto. Njia naijua, niliipita yote nilipompiga picha. Kamba ninazo. Kitu gani anacho yeye ambacho mimi sina, zaidi ya mama yake?

23 Aprili

Mvua usiku na mchana. Ng'ambo ya kijiji udongo umeporomoka na kuchukua shamba la tangawizi la mtu. Eva kaniandikia anauliza kama kutakuwa na maji ya kutosha. Nimemjibu hayo asiwe na wasiwasi nayo.

27 Aprili, hospitali, mjini

Sijaandika tangu juzi. Sasa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, naandika yote.

Tarehe ishirini na tano tulifika kijijini saa kumi na mbili na nusu, kabla watu hawajaamka vizuri. Gari lao tuliliacha mbali ili lisisikike. Eva ni mchangamfu, ana miguu ya kupanda kweli, hakuwa mzigo. Victor ni mwembamba, anacheka kila kitu, kamera kifuani na nyingine kichwani. Usiku mvua ilikuwa imepiga vibaya sana na huko juu wingu lilikuwa bado jeusi, kwa hiyo njia nzima niliomba mto utuachie tupite.

Tukafika kivuko cha kwanza na sikuamini. Maji yalikuwa chini ya kifundo cha mguu. Masika katikati, na mto umelala. Nikafurahi moyoni nikasema leo hata mlima umenichagua mimi. Jiwe la kupigia hodi lilikuwa pale pembeni. Eva alikwisha kusoma mahali kuhusu mila hiyo, akaniuliza tunakaa hapo kwanza? Nikamjibu kwamba hiyo ni kwa watu wa ukoo, na mimi si wa ukoo, mimi sina wa kumwomba ruhusa. Nikalipita jiwe bila kuligeukia. Kusema kweli nilijisikia vizuri sana.

Kivuko cha pili, hivyo hivyo, mawe yako wazi na tope limebaki juu yake. Tukapanda jabali. Nikatangulia, nikafunga kamba, nikampandisha Eva, nikamhoji yeye badala ya yeye kunihoji mimi, tukacheka. Tulipofika ukingoni nyuma ya maporomoko, maporomoko yenyewe yalikuwa uzi. Victor, aliyekuwa bado chini, akapaza sauti kwamba maji gani haya, hata bomba la bafuni lina nguvu kuliko haya. Akasema anashuka katikati ya mto apige picha kutoka chini, labda yataonekana makubwa. Mimi ndiye niliyemwambia sawa.

Alikuwa amesimama katikati ya mawe, amepiga goti, ndipo nikasikia jina langu. Mikidadi alikuwa anapanda korongo mbio, hana viatu, shati limeraruka. Alikuwa anapiga kelele tutoke mtoni, watu wote watoke mtoni. Nilichofikiria kwanza, na Mungu ananisikia, ni kwamba amekuja kuninyang'anya wageni wangu. Nikanyamaza. Ningeweza kumwambia Victor toka, neno moja tu, nikanyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, nimekasirika. Victor naye akamgeuzia kamera, anacheka.

Kisha juu huko kukasikika ngurumo isiyo ya radi. Mikidadi hakusimama. Aliingia mtoni, akamkamata Victor kiunoni, akamsukuma juu ya jabali nami nikateremka kwa kamba hadi nusu, nikaushika mkono wa Victor nikavuta. Nilikuwa nimemshika Victor wakati maji yanatokea. Hayakuwa maji, yalikuwa tope na miti na mawe, rangi ya chai ya maziwa, yamesimama marefu kuliko nyumba. Gogo lilimpiga Mikidadi kwenye paja, nikamwona anakwenda. Yalimchukua hatua kama thelathini hadi kwenye mizizi ya mkuyu ulioangukia mtoni, akashika pale, kichwa nje.

Sijui nilivyoshuka. Eva anasema nilikuwa namwita kwa sauti moja bila kupumua. Maji yalipopungua kidogo vijana wa kijiji walimtoa, wakakata miti miwili na kufunga kanga tatu, wakambeba. Paja limevunjika mara mbili na nyonga imehama. Baba alikuwa amekaa kivukoni, ameshika goti lake, hakuweza kupanda. Tulipompita alimshika Mikidadi kichwa, akaniangalia mimi.

28 Aprili

Mikidadi ameamka vizuri. Nikamuuliza alijuaje. Akaniambia kwa sauti ya chini, kila neno na pumzi yake. Asubuhi ile yeye na Mzee, ndivyo anavyomwita Baba, walikwenda kupiga hodi kama kila siku, wakakuta maji yamepungua na nyayo za viatu kwenye tope.

"Mvua ikiwa juu na maji yakapungua chini, ujue mlima umeyashika," akasema. "Udongo umeanguka umeziba. Ukiona hivyo unarudi nyumbani, kwa sababu yatakuja yote kwa pamoja."

Nikamuuliza, kwa hiyo kupiga hodi ndiko huko? Ile ndizi? Akacheka kidogo, ikamuuma. Akasema Mzee humwambia kwamba mtu ukimwambia asubiri atazame maji, hasubiri. Ukimwambia kuna wakubwa wanaoombwa ruhusa, anakaa.

Miaka yangu yote nilidhani wananificha mizimu. Walichonificha ni namna ya kutazama maji. Na mimi, kwa kuwa nilinyimwa, nilijivunia kulipita lile jiwe.

Hakuniuliza habari ya tarehe. Nilisubiri aniulize mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

2 Mei

Eva na Victor wamerudi Dar. Victor alikwenda kumshika Mikidadi mkono, akalia hadi muuguzi akamtoa nje.

5 Mei

Shangazi Maimuna amekuja kwangu na uji. Nilitaka kukimbia. Kumbe amekuja kuniomba msamaha mimi. Anasema mwanawe amekiri kwa Baba kwamba yeye ndiye aliyeniruhusu nitangulie na wageni, na yeye ndiye aliyeniambia hakuna haja ya kupiga hodi, kwamba siku hizi mambo hayo yamepitwa. Baba amekasirika, hajawahi kuonekana hivyo. Amesema mtu anayedharau hodi hawezi kupewa njia, na wazee wakikaa atawaambia hivyo.

Nikapokea uji. Nikasema asante shangazi.

Nimejaribu kuifikiria sura ya mtu anayelala na chuma kwenye paja, halafu anatumia pumzi kidogo aliyonayo kumdanganya mjomba wake ili mimi nisichukiwe na baba yangu. Ningepaswa kushukuru. Nilichokisikia ni wivu, ule ule, mzito zaidi. Hata kwenye wema amenizidi.

6 Mei

Sijalala.

9 Mei

Nimekwenda hospitali, nikamuuliza kwa nini. Akatazama dirishani. Akasema, "Mimi mjomba yupo hata akikasirika. Wewe akikufukuza utakuwa na baba gani?"

Nikamwambia nilimdanganya tarehe kwa makusudi. Akasema anajua, alijua alipoziona zile nyayo.

11 Mei

Nimekwenda kwa Mjomba Stambuli. Kikao cha wazee wa ukoo wa Baba ni tarehe kumi na nane, na mimi humo sina kauli, mtoto wa kike wa ukoo mwingine. Mtu wa namna yangu akikosea, anayesimama kumsemea ni mjomba wake. Na mjomba wangu nimemkatia simu mwaka mzima.

Nilimkuta anabandua magome ya mdalasini mbele ya nyumba. Nikamwamkia, nikamweleza tangu mwanzo, na hili la kunyamaza wakati Victor yuko mtoni sikuliacha. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kubandua hadi nilipomaliza, akafuta kisu kwenye suruali, akaniambia nilale pale, mvua inakuja, na kwamba zile simu zote hazikuwa za shamba. Alikuwa anataka kujua kama nipo mzima.

13 Mei

Mvua zimepungua. Nimemsaidia Mjomba kuanika mdalasini. Mikono inanukia hadi sasa.

18 Mei

Wazee walikuwa saba, wamekaa barazani kwa Baba. Mikidadi aliletwa kwa gari la kukodi, mguu umenyooshwa kwenye kigoda. Mjomba Stambuli alisimama akasema amekuja na mpwa wake ambaye ana kosa, na kosa la mpwa wake ni lake. Kisha akasema maneno yenyewe atayasema mpwa mwenyewe, kama wazee wakiridhia. Wakaridhia.

Nikasema yote. Tarehe, jiwe, kunyamaza. Nikasema Mikidadi hajawahi kudharau hodi hata siku moja, amesema uongo kwa ajili yangu.

Baba akamgeukia Mikidadi kwanza, akamuuliza kama ni kweli. Mikidadi akakubali kwa kichwa. Ndipo Baba akanigeukia mimi.

"Ungeniuliza mimi habari ya maji," akasema, "ningekuambia."

Nikamjibu, "Nilikuja na ndizi yangu, Baba. Ukanibeba ukanirudisha."

Baba akainama, akalishika goti lake. Mjomba akanishika mkono, tukakaa.

Wazee wameamua njia ni ya Mikidadi. Mguu ukipona atapanda, usipopona itafungwa mpaka atakapomtaja mpwa wake. Mtu mwingine yeyote asitie mguu korongoni, na wakati wanasema yeyote walinitazama mimi. Nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mjomba wangu.

30 Mei, Mafiga

Jua la pili mfululizo. Suruali zimekauka.

2 Juni

Eva ameitoa video yake jana usiku. Ameweka Ngazi ya Nyani namba moja kwenye orodha yake ya sehemu za hatari, na mwanzo kabisa nipo mimi, nimefunga kamba kiunoni, nacheka, na chini yangu jina langu lote, Shadya Sufiani, mwongozaji. Mikidadi anaonekana nusu dakika, mgongo tu, anakimbia. Kufikia saa nne asubuhi walikuwa wameitazama watu laki mbili na simu yangu haipumui. Wanafunzi wa chuo, Wazungu wawili wa Zanzibar, bwana mmoja wa Arusha mwenye kampuni ya kupandisha watu milima. Wote wanataka pale pale palipotaka kutuua.

Yule wa Arusha, anaitwa Charles, hakutaka kukata simu. Anataka kuleta makundi msimu mzima, mwaka hadi mwaka, mimi niwe mkuu wa waongozaji. Kila alichokitaja nilikuwa nimekiota jikoni hapa hapa. Mwisho akauliza, ili awe na uhakika, "Kwa hiyo wewe ndiye mwenye Ngazi ya Nyani?"

Nilisimama na simu sikioni. Hakuna mzee aliyekuwa ananisikia, wala Baba, wala Mikidadi.

Nikamwambia hapana. Mwenyewe anaitwa Mikidadi, yuko kwa mama yake anajifunza kutembea, na kama atapanda tena ni mwakani, na siku ya kupita ataitaja yeye. Nikamsomea namba yake tarakimu moja moja, nikamfanya airudie. Akashukuru, akakata.

Nikakaa sakafuni nikalia kwa hasira, maana naitaka bado.